Foto kubwa ya papa: namna ya kuikuza bila kupoteza sura yake

Kilio, ndoa, diplome, siku papa anaingia mu pansio: kila mara jamaa inataka foto kubwa ya kutia ku ukuta. Falanga zinatoka, na mara mingi foto inarudi na ukungu, ao na sura ya mutu ambaye hatumujue. Leo tunaeleza juu ya nini inakuwa vile, na mambo ya kufanya mbele ya kwenda ku fundi.

Ingieni mu salo yoyote ya Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Kolwezi ao Fungurume. Ku ukuta kuna nkambo mu koti yake ya siku ya Mungu, papa na kaske ya kazi, mama na kitambaa cha ndoa, mutoto na toge ya masomo. Zamani foto hizi zilitoka ku stidyo. Fundi alikuwa na filme, na mu chumba cha giza alipitisha mwangaza ndani ya ile filme mupaka sura inakuwa kubwa ku kartasi. Leo stidyo iko mu mufuko wa kila mutu. Tunapiga foto makumi kwa siku moja, lakini siku tunahitaji moja tu ya kukuza, tunatafuta na hatupati.

Pale tunaumia zaidi ni ku kilio. Mutu amekufa leo, mazishi ni kesho kutwa, na watu wa lupango wanaomba foto ya kutia karibu na sanduku. Mutoto anakimbia ku fundi na telefone mu mukono. Ile iko ndani ni foto moja ndogo iliyopita ku WhatsApp mara tano, ao ile ya karte ya uchaguzi. Fundi anaambiwa: «Fanya iwe mukubwa tu.» Anaifanya mukubwa. Siku ya mazishi, watu wanaangalia na kuulizana kimya kimya kama kweli ni yeye.

Fundi hana kosa kila mara. Kuna hesabu ndani ya kazi hii, na hesabu hiyo kila mutu anaweza kuijua.

Mufuko moja wa madini

Foto ya telefone imefanywa na nukta ndogo sana za rangi, zinaitwa piksele. Telefone mingi za leo zinatoa foto ya piksele 3000 ku upande na 4000 ku upande mwingine. Ukizidisha, unapata milioni 12. Njo maana ku duka wanasema «megapiksele 12». Telefone ingine zimeandikwa 48 ao 50, lakini mara mingi zenyewe zinaunganisha piksele nne kuwa moja, na foto inayobaki ni karibu ya milioni 12 vilevile.

Watu wa mugodi wataelewa kwa mufano huu. Uko na mufuko moja wa madini, na unaugawa mu mifuko kumi kwa kutia udongo juu yake. Mifuko ni kumi kweli, lakini shaba ni ileile ya mufuko wa kwanza. Kukuza foto ni vile. Kartasi inaongezeka, piksele haziongezeke. Mashini inajaza tu nafasi kati ya nukta na rangi inayofanana na jirani zake. Kama nukta za kwanza zilikuwa mingi, jicho halione kitu. Kama zilikuwa kidogo, unaona ukungu, ao vipande vya mraba ku mashavu na ku macho.

Hesabu ya 60

Mafundi wanahesabu piksele kwa inchi. Sisi tunapima kwa sentimetre, basi mushike namba moja tu: 60. Foto ya kutia ku ukuta wa salo, mutu anaiangalia akiwa mbali ya karibu mita 1, inaomba piksele 60 kwa kila sentimetre. Chukua piksele za foto yako, gawanya na 60, utapata sentimetre unazoweza kutoa bila haya.

Foto ya 3000 na 4000 inakupa sentimetre 50 kwa 67. Ni karibu sawa na kadre ya 50 kwa 70 ambayo watu wanapenda sana. Maana yake telefone ya kawaida, kama foto haikuharibika mu njia, inatosha kabisa kwa ukuta wa nyumba. Hauhitaji aparey ya bei kali.

Kama foto itashikwa mu mukono, sawa vile albumu, jicho liko karibu zaidi. Hapo tia 120 pahali pa 60. Kama ni bango la kusimamisha inje na watu wataliona kwa mita 2 ao zaidi, 30 inatosha. Njo maana bashe kubwa ya barabarani inaonekana muzuri toka mu motoka, lakini ukisogea pua yako karibu nayo unaona nukta tupu.

Na hizi ndizo saizi ambazo fundi atakutajia: A3 ni sentimetre 29,7 kwa 42, A2 ni 42 kwa 59,4, A1 ni 59,4 kwa 84,1, A0 ni 84,1 kwa 118,9. Kila saizi ni mara mbili ya ile iko mbele yake. Kwa hesabu ya 60, A3 inaomba piksele karibu milioni 4 na nusu, A2 karibu milioni 9, A1 karibu milioni 18. Basi telefone ya milioni 12 inafika A2 bila shida. Kwa A1 inafaa tu kama watu hawataikaribia sana.

Namna ya kuona piksele za foto ni rahisi. Fungua foto mu galeri ya telefone, gusa «Détails» ao «Informations», utaona namba mbili zinazozidishana. Fanya vile mbele ya kulipa nauli ya kwenda mu muji.

Jambo moja linadanganya wengi: namba hizo ni za foto nzima, haiko za sura. Mufano, munapiga foto ya ekipe watu ishirini mbele ya motoka ya kazi. Uso wa yaya yako mule ndani unaweza kuwa na piksele 300 tu kwa upana. Gawanya na 60: sentimetre 5. Ukitaka uso huo uwe na sentimetre 25 ku bango, kila sentimetre itabaki na piksele 12. Hakuna fundi wa kuokoa hiyo. Ni heri kutoa ekipe nzima mukubwa, na yaya akae pale kati ya wenzake, kuliko kumukata peke yake akawa kivuli.

Foto inafia mu njia

Sasa tuangalie WhatsApp, kwa sababu hapo njo foto mingi zinaharibikia. Ukituma foto kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza ili isikule megabaiti. Mara mingi upande mrefu unabaki na piksele karibu 1600. Ile foto yako ya milioni 12 imekuwa karibu ya milioni 2. Gawanya na 60: sentimetre 27 kwa 20. Ni kartasi ya A4, tena kidogo. Ku ekra haikuonyeshe kitu, kwa sababu ekra ya telefone ni ndogo. Ku ukuta inakuonyesha.

Dawa iko. Pale unatuma, usipite ku «Galerie», pita ku «Document», chagua ileile foto. Itaenda vile iko, bila kupunguzwa. Njia ya «HD» ni muzuri kuliko ya kawaida, lakini «Document» njo inashinda. Kama uko karibu na fundi, tumia Bluetooth, kle ya USB, ao kamba ya telefone. Hata kama foto ni nzito, bandolo (unité za intaneti) utakazokula ni kidogo kuliko bei ya kutoa bango mara mbili.

Na mambo haya matatu musifanye. Musikamate ekra (kapture) pahali pa kuomba foto yenyewe: kapture inabeba piksele za ekra tu. Musichukue foto ya profile: hiyo imepunguzwa zaidi. Musitume ileile foto toka mutu mupaka mutu: mutafute yule aliyeipiga, telefone yake njo iko na ya kwanza. Mu jamaa kubwa, kumutafuta mutu huyo inaomba simu mbili ao tatu. Ni kazi ya kwanza ya kilio, mbele ya kuchagua bei.

Foto ya kartasi ya zamani

Wazee wetu wengi hawakupigwa na telefone. Iko foto ndogo ya stidyo, nyeusi na nyeupe, ao ya karte ya kazi, mu sanduku chini ya nguo. Hii isipigwe na telefone usiku chini ya ampule. Ipelekwe ku skane.

Muombe fundi askane kwa 600. Foto ya pasipoti ya sentimetre 4 kwa 5 itatoa piksele karibu 945 kwa 1181. Kwa hesabu ya 60 ni sentimetre 16 kwa 20. Kwa hesabu ya 30, ile ya kuangalia toka mbali kidogo, ni karibu 31 kwa 39. Kumbe pasipoti ya nkambo inaweza kuwa foto ya heshima, lakini haiwezi kuwa bango la mita. Mutu akikuahidi hilo, muulize atatoa wapi nukta.

Kama kuna negatifu, yaani kipande cha filme cha rangi ya kahawia ao nyeusi, musikitupe. Negatifu inashika mambo mingi kuliko kartasi iliyotoka ndani yake. Na kama foto imeshikamana na kioo cha kadre, musiing'oe. Ngozi ya foto itabaki ku kioo na sura itapasuka. Iskaniwe pamoja na kioo chake.

Kama skane haiko na lazima utumie telefone, fanya muchana. Tia foto chini, karibu na mulango wazi, pahali jua halipigi moja kwa moja. Shika telefone sawasawa juu yake, bila kuinamisha, bila flashi. Usitumie zoom ya vidole: inakata foto tu, haileti kitu. Ukivuta mara mbili, umebaki na robo ya piksele.

Mashini inayobuni sura

Kuna programu mupya za telefone na za ordinatere zinazosema zinasafisha foto ya zamani. Unatia sura yenye ukungu, sekunde kidogo, inatoka na macho makali, meno meupe, ngozi laini. Watu wanashangaa, mama analia kwa furaha. Lakini tuseme mambo sawa vile yako: mashini ile haikuona papa yako hata siku moja. Imeona sura mamilioni za watu wengine, na pale piksele zimekosa inatia kile inafikiri kinaweza kukaa pale. Inabuni.

Njo maana alama ya kuungua ku shavu inapotea. Chanjo za ku uso za nkambo zinafutwa kama uchafu. Pua inanyooka, ngozi inakuwa nyeupe kidogo, kope za mwanamume zinakuwa ndefu kama za harusi. Foto ni muzuri, na mutu haiko yeye. Ku kilio jambo hili si dogo. Wajukuu ambao hawakumuona muzee watakua na sura ile mu kichwa, na wale waliomujua wakiisha kufa, hakuna atakayesema hapana.

Hatusemi programu hizi zikatazwe. Kutoa mikwaruzo, kurudisha rangi iliyofifia, kufunga shimo lililoliwa na mende pembeni ya koti: kazi hiyo zinaifanya vizuri. Ku uso, mukuwe na sheria tatu. Ya kwanza: foto ya mwanzo ibaki pembeni, isifutwe. Ya pili: mbele ya kutoa mukubwa, tia ya zamani na ya mupya pamoja ku ekra, na umuite mutu aliyeishi naye, mama ao yaya mukubwa, aseme kama ni yeye. Ya tatu: kama kuna shaka, mutoe ile yenye ukungu, kwa saizi ndogo. Foto ya A4 yenye ukungu kidogo, lakini ya kweli, ni heshima kupita bango la mita ya mutu wa kubuni.

Ku fundi

Mukifika ku fundi, mambo mane.

Moja, kipimo. Foto ya telefone haina umbo sawa na kartasi. Kwa 50 kwa 70 lazima kukata kidogo ku upande. Angalia mbele ya kulipa ni nini inakatwa: mara ingine ni juu ya kaske, mara ingine mukono wa mama. Usikubali fundi avute foto ili ijaze kartasi. Sura inanenepa ao inarefuka. Heri kubaki na mupaka mweupe.

Mbili, kartasi. Kartasi ya foto inafaa ndani ya nyumba. Bashe inavumilia mvua na upepo, inafaa inje na ku kilio, lakini inaomba kuangaliwa toka mbali. Kartasi ya fotokopi ni ya siku moja. Uliza pia wino. Wino wa pigma unavumilia mwangaza myaka mingi kuliko ule wa kawaida, ambao unaweza kufifia mbio ukikaa mu jua.

Tatu, jaribio. Muombe atoe kwanza kipande kidogo cha uso, saizi ya mukono, lakini kwa ukubwa uleule wa bango la mwisho. Kipande hiki kitakuonyesha kila kitu: ukungu, rangi, giza. Giza njo shida ya kila siku. Ekra inawaka, kartasi haiwake. Foto inayopendeza ku telefone inatoka nyeusi, na sura zetu njo zinapotea za kwanza. Mwambie fundi afungue uso kidogo, bila kuupakaa rangi nyeupe.

Ine, bei na masharti. Musikilizane mbele: bei ya kuskane, bei ya kutengeneza, bei ya kutoa, na nani analipa kama imetoka mubaya. Ukileta fishie ndogo na yeye amekuonya, ni juu yako. Kama jaribio lilikuwa muzuri na bango limetoka mubaya, ni juu yake.

Ku nyumba, kioo kisiguse foto. Tia mupaka wa kartoni kati yao, kwa sababu mu wakati wa mvua maji madogo yanaingia na foto inashika kioo. Isikae mbele ya dirisha la jua la saa nane, wala juu ya mbabula, wala chini ya lile bati ambalo kila mutu pa lupango anajua linavuja.

Foto ya kupiga mbele ya siku ile

Dawa ya kweli ni kupiga foto muzuri mbele ya kuihitaji. Makampuni mingi yanakataza telefone ndani ya mugodi, na wako na sababu zao. Basi ipigwe ku nyumba, mutu akiwa na tenue yake safi ya kazi. Futa kioo cha kamera na kitambaa laini: vumbi yetu nyekundu inaingia kila pahali. Asubui mbele ya saa ine, ao magaribi nyuma ya saa kumi, kivulini pa ukuta. Kaske iinuliwe kidogo ili isifunike macho. Simama hatua mbili mbali naye, tumia kamera ya nyuma, gusa uso ku ekra, kiisha piga mara tano. Mumoja tu, haiko kikundi.

Wengine wanaogopa: kumupiga papa foto vile ni kama kumuita kifo. Tunawaheshimu. Lakini foto ileile ni ya pansio yake, ya ndoa ya binti yake, ya siku ya kukumbuka myaka makumi mbili ya kazi. Haina lazima kungoja kilio.

Na muandike jina. Mukaaji wa muji wetu, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mu 1978, anajulikana mu dunia kwa kazi yake «Mémoire» ya mu 2006. Alichukua foto za zamani za wakati wa ukoloni, akakata watu waliokuwa ndani, akawasimamisha juu ya foto zake mupya za mashini na majengo ya Gécamines yaliyokufa. Ukiangalia kazi hiyo, unaona wanaume wa mugodi wamesimama wima, sura zao wazi kabisa. Wako pale, na sisi tunaowaangalia hatuwezi kumuita hata mumoja kwa jina lake. Wanaweza kuwa nkambo za wasomaji wetu.

Basi kila foto mutakayokuza, nyuma yake kwa kalamu ya risasi muandike: jina lote, muji, mwaka, kazi aliyofanya, na nani alipiga. Fishie ya mwanzo ikae pahali pawili, mu telefone na mu kle ya USB iliyofungwa na karte za jamaa. Telefone zinaibiwa, zinaanguka mu maji, zinauzwa. Kazi hiyo inaomba dakika kumi, na inaweza kufanywa siku ya Mungu hii, kama watu wote wako pa lupango na papa hajaenda posti ya usiku.